Mjadala wa Utabiri: Je, Wahitimu Watabiriane Maisha?

Kila mwaka inapokaribia miezi ya Septemba na Oktoba, kabla wanafunzi wa kidato cha nne hawajaikabili mitihani ya taifa ya mwezi Novemba, shule za sekondari za Arusha, kuanzia Ngaramtoni hata Usa River, na zile zilizostirika katikati ya migomba na mibuni ya miteremko ya Mlima Meru, hufanya mahafali yao. Na katika baadhi ya mahafali hayo, risala ikiisha kusomwa mbele ya mgeni rasmi, ngonjera zikiisha kughaniwa, na keki ikiwa bado haijakatwa, husimama mhitimu mmoja mwenye sauti ya kusikika, akafunua daftari lake, akasoma utabiri wa darasa, yaani maneno machache ya kuchekesha juu ya kila mwenziwe, atakuwa nani na atakuwa wapi miaka ishirini ijayo. Huko Marekani mambo haya huchapwa katika vitabu vya shule vya kila mwaka na kuhifadhiwa. Kwetu sisi, ambao utani ni sehemu ya ujirani wetu tangu zamani, aghalabu husomwa mara moja kwa sauti, watu wakacheka hata machozi, kisha daftari likapotea.

Mintarafu ya desturi hii pana hitilafu ya fikira. Wako waionao kuwa furaha halali ya vijana waliovumiliana miaka minne juu ya dawati moja, na wako waionao kuwa dhihaka iliyopewa ruhusa ya sherehe. Kwa kuwa jambo lenyewe lahusu heshima ya watoto wetu, nimeona si insafu kulikatia shauri peke yangu. Basi nimewaweka hapa wasemaji wanne wa namna tuwaonao Arusha kila siku: binti wa kidato cha nne aliyepewa kazi ya kuuandika utabiri wa darasa lake. Mama mzazi auzaye ndizi na parachichi katika soko la Tengeru siku za Jumatano na Jumamosi. Mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu. Na dereva wa magari ya watalii, Mwarusha kwa kabila, ambaye naye zamani alitabiriwa. Binti ndiye aanzaye.

BINTI: Shikamooni wazee wangu. Mimi sina hoja ndefu, nina daftari tu, na naomba mlisikilize kabla ya kulihukumu. Nimeandika hivi: Yule mwenzetu alalaye katika kipindi cha fizikia tangu kidato cha kwanza, atakuwa mlinzi wa usiku katika jumba la mikutano la AICC, wala hatakutwa amesinzia hata mara moja, maana usingizi wa maisha yake yote ameumaliza hapa darasani. Yule dada ajuaye kumsemesha mpishi mpaka akaongezewa maharage, na ambaye alisuluhisha ugomvi wa zamu ya kufagia bweni ulioshinda hata matroni, atakuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na nchi wanachama zikigombania ushuru wa mahindi atawakalisha marais mbele ya sinia moja la makande, na hakuna atakayeruhusiwa kuondoka mpaka sinia liwe tupu. Yule aazimaye kalamu asirudishe atafungua benki katika barabara ya Sokoine, na sisi sote tutapanga foleni kumwomba atukopeshe kalamu zetu wenyewe. Yule mwenye mwandiko mzuri kuliko wote atapewa kazi ya kuandika majina ya vifodi vyote viendavyo Sakina na Kijenge, na kwa ajili ya uzuri wa mwandiko wake abiria watasimama kituoni wakisoma, na magari yatawaacha. Na yule mwenzetu aokotaye kila kijiwe cha buluu njiani akakitazama juani, huyo atakuwa Laizer wa pili.

MWALIMU: Marahaba, binti yangu. Huyo wa mwisho naona yuko katika kila darasa siku hizi.

BINTI: Tangu mwaka 2020, Mwalimu, hapana darasa lisilokuwa naye.

(Msomaji aliye mbali na Mererani na afahamu kwamba mwezi Juni mwaka huo mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9 na zaidi, la pili la kilo 5 na zaidi, akapokea shilingi bilioni 7.74, na kwamba madini haya, yaliyogunduliwa mwaka 1967, hayajapatikana mahali pengine popote duniani ila katika vilima vya Mererani vilivyo kusini-mashariki ya Arusha. Kwa hiyo kijana wa huku hupita njiani akiangalia chini, na wenziwe humwona.)

MAMA: Nimecheka, mwanangu, na Mungu akupe heri na kalamu yako. Lakini mimi nilipata kuketi katika mahafali, safu ya tatu, shada la maua ya karatasi nimelishika mkononi tayari kumvisha kijana wangu shingoni, na aliyekuwa akisoma akafika kwenye jina lake akasema: huyu mabega yake ni mapana na alama zake ni chache, basi atakuwa mgumu wa kuwapandishia wazungu mabegi mlimani mpaka azeeke. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mgeni rasmi akacheka. Mimi nikatazama shada lile nisijue nilifanye nini. Wazee wetu walituonya kwamba maneno huumba, na neno lililosemwa mbele ya hadhara, mama akisikia, haliwi sawa na neno lililosemwa bwenini. Tangu siku ile kijana alikataa kusoma tena, akasema, mama, kwani hukusikia walivyosema?

Hapa palipita kimya, na sioni ajabu. Hoja ya mama huyu ndiyo hoja nzito kuliko zote zitakazotajwa katika mjadala huu, na yeyote atakaye kuutetea utabiri wa wahitimu ni lazima aijibu, wala si haki kumwambia mzazi kwamba ule ulikuwa mzaha tu. Mzaha una mahali pake na una watu wake: mtani humtania mtani mwenziwe kwa sababu kesho naye atataniwa, lakini kijana aliyesimama na joho la kukodi mbele ya wageni mia tatu hana zamu ya kujibu.

MWALIMU: Mama, pole sana. Nami nitasema neno ambalo pengine walimu wenzangu hawatalipenda. Ilmu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na hilo sote twalikubali, Mwislamu na Mkristo. Tumekuwa na wanajimu mashuhuri katika nchi hii; marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, alijulikana Afrika Mashariki yote kwa kutabiri kwa nyota; na huku kwetu, Wamaasai wangali wakimtaja Mbatian, laiboni mkuu wa karne ya kumi na tisa, kuwa ndiye aliyewatangulizia habari ya kuja kwa wageni. Mtu akimwendea mnajimu au laiboni, amekwenda kwa hiari yake na anajua amefuata nini. Lakini watabiri waliokithiri katika maisha ya mtoto ni sisi walimu. Kila mwisho wa muhula nimeandika katika ripoti, huyu ataweza, huyu hawezi, huyu ana akili nzito, nikatia sahihi, mkuu wa shule akagonga muhuri, na hapana aliyecheka. Utabiri wetu hauna mzaha ndani yake, na kwa ajili hiyo huaminiwa. Kijana wako, Mama, hakuyapata maneno ya alama chache kutoka kwa mwenziwe. Mwenziwe aliyasoma ubaoni, yalipobandikwa majina kutoka wa kwanza hadi wa mwisho.

MAMA: Basi wote mna hatia moja.

MWALIMU: Wote, Mama. Na kama ushahidi wa zamani wafaa kitu, watabiri wa aina zote mbili wameshindwa. Shaaban Robert alipomaliza masomo Dar es Salaam katika miaka ya 1920, aliingia ukarani wa forodha Pangani. Mwalimu mwenye busara angemtabiria kwamba atakuwa karani mwaminifu, na angesema kweli, kwani aliifanya kazi hiyo miaka mingi, lakini angeliacha jambo ambalo kwalo twamkumbuka. Kirilo Japhet, mtu wa Meru hii hii: watu wapatao 3,000 walipofukuzwa katika ardhi yao ya Ngare Nanyuki mwezi Novemba 1951 ili wapewe walowezi, ni yeye aliyetumwa New York mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuyadai yaliyokuwa yao. Ni nani, alipokuwa mvulana, angeliandika katika daftari kwamba huyu ataongea na mataifa ya dunia? Angechekwa. Na vijana wetu wamwita kila Jumamosi, bila kujua, mtunga mashairi mmoja wa Ujiji.

BINTI: Nani huyo, Mwalimu?

MWALIMU: Uwanja wenu wa mpira umepewa jina la nani? Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akaandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake, kilichotoka mwaka 1954, akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria, akafariki mwaka 1964 akiwa bado kijana wa miaka arobaini. Darasa lake lote lingalikutana kumtabiria, hapana ambaye angesema kwamba jina la huyu mshairi litakuwa vinywani mwa washabiki wa mpira katika mji ulioko chini ya Mlima Meru.

DEREVA: Mwalimu, umewataja watu wakubwa, nami nina heshima kwao. Ningeweza kukuongezea Filbert Bayi wa Karatu, ambaye tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, alizikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia huku amewatangulia wenzake tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini nawaomba ruhusa niseme habari za mtu mdogo. Mimi nilimaliza kidato cha nne kwa daraja la nne. Katika mahafali yetu alisimama mwenzetu akasoma: huyu aigaye sauti ya mbega na ya kila ndege wa msituni mpaka mwalimu wa zamu akatoka nje kutafuta tumbili, huyu atakuwa mkalimani wa wanyama, na siku wanyama watakapoishtaki serikali, yeye ndiye atakayewafasiria mahakamani. Nilicheka nikaanguka. Sikuwa mkalimani. Nilianza kwa ugumu, Mama, ule ule aliotabiriwa kijana wako. Nimebeba mizigo kutoka lango la Momella mpaka Miriakamba, na kutoka Miriakamba mpaka kibanda cha pili chini ya kilele, nyuma ya askari wa hifadhi ashikaye bunduki kwa sababu ya nyati. Nakuapia kwamba kazi ile ni ya halali, na mkate wake ni mtamu.

MAMA: Sikuidharau kazi, baba. Nimebeba mikungu ya ndizi kichwani miaka yote.

DEREVA: Najua, yeyo. Ndiyo nataka tupambanue. Mwenzangu aliyenitabiria ukalimani alikuwa amenisikiliza. Kabla ya siku ile sikujua kwamba yupo mtu darasani aliyetambua kuwa nawajua mbega. Mimi mwenyewe sikujua kuwa ni jambo la kujulikana. Nilipokuwa mlimani na mzigo, wageni wakasimama kuuliza ile ni sauti ya nini, nikajibu kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, maana nilikumbuka kwamba nilipata kuitwa mkalimani. Kiongozi wetu alinisikia. Msimu uliofuata akanichukua. Lakini aliyemtabiria kijana wako, alimtazama mabega na namba ubaoni, basi. Miaka minne alikaa naye asimwone.

Naungana na dereva, na nasema hivyo waziwazi. Thamani ya utabiri wa darasa haimo katika kutimia kwake, kwani Mwalimu ametuonyesha kwamba hautimii. Thamani yake ni kuwa ushahidi. Kijana asomewapo mbele ya wazazi wake kwamba yeye ndiye aliyeweza kumlainisha mpishi, au kwamba hapana ndege asiyeweza kumwiga, ameambiwa kwa njia ya kicheko kwamba alikuwapo na kwamba alitazamwa na wenziwe kwa macho ya mapenzi. Na jambo hilo cheti cha Baraza la Mitihani hakiwezi kumwambia. Basi kinachouharibu utabiri ni uvivu wa mtabiri. Aandikaye kwamba mtoto wa tajiri atakuwa tajiri, na kwamba wa kabila fulani atauza duka na wa kabila fulani atachunga, hakutabiri kitu wala hakutania. Amekariri yale ambayo kila mpita njia angeyasema pasipo kuketi darasani hata siku moja. Mzaha ulio mwema una kazi: humlazimu mwenye kuutunga awe amemchunguza mwenziwe.

BINTI: Mzee, umenisaidia. Kwa kweli wako watu kumi hivi ambao sikupata la kuwaandikia. Ni wapole. Wanakuja, wanakaa, wanaondoka. Nilikuwa nimeazimia kuwaweka katika fungu moja, niseme, na hawa wengine watakuwa wananchi wema.

MAMA: Hapana, mwanangu. Hao ndio wa kuandikiwa kwanza.

DEREVA: Kwetu Waarusha, kama kwa ndugu zetu Wamaasai, rika huwa na jina moja. Seuri, Makaa, Landisi: kila aliyetahiriwa katika kipindi chake ameingia, fundi wa kusema na asiyesema, mwenye ng'ombe wengi na asiye na mbuzi. Hapana ambaye rika lilimsahau kwa upole wake. Nyinyi mmekaa pamoja miaka minne; msifanye vibaya kuliko rika.

MWALIMU: Na hapo ndipo niulizapo swali langu. Binti, mliingia wangapi kidato cha kwanza?

BINTI: Wengi, Mwalimu. Zaidi ya tulio sasa. Wengine walihama. Mmoja alikwenda Mererani kidato cha pili, tukasikia amekuwa mwanaapolo, mchimbaji wa tanzanite. Mmoja alifiwa na baba yake, akarudi Ngarenaro kusaidia dukani. Na mmoja... alipata mimba kidato cha tatu. Tulikuwa tukikaa dawati moja.

MAMA: Naye umemwandikia nini?

BINTI: Hayumo katika orodha ya wahitimu, Mama.

Naamini kwamba katika swali hili la Mama wa Tengeru umo moyo wa jambo lote. Tangu mwezi Novemba 2021 serikali imewaruhusu wasichana walioacha shule kwa ajili ya kujifungua warudi katika masomo ya mfumo rasmi, na hilo ni jambo kubwa, kwani kabla yake mlango ule ulikuwa umefungwa. Lakini ruhusa ya waraka ni kitu kimoja, na binti mwenyewe kuamini kwamba darasa bado lamhesabu kuwa ni wake ni kitu kingine. Laiti angelisikia, kwa kinywa cha jirani akirudi kutoka mahafalini, kwamba jina lake lilitajwa pale, na kwamba alitabiriwa jambo la kuchekesha, la kweli, litokanalo na yale aliyokuwa akiyafanya kabla ya kuondoka, naona angeliweza kuupita mlango ule kwa hatua nyepesi zaidi. Mfano wa kukumbukana hivyo tunao karibu: hapa Tengeru, kuanzia mwaka 1942, waliishi wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliotolewa makwao na vita. Watoto walisomeshwa papa hapa, chini ya mlima huu, kisha wakatawanyika Uingereza, Kanada na Australia, na wengine makaburi yao yapo hata leo. Wao wenyewe waliandikana na kukumbukana, na katika uzee wao baadhi yao walirudi Tengeru kupatazama mahali walipokuwa watoto. Watu waliosoma pamoja wanaweza kufungamana hivyo, pasipo cheti wala mgeni rasmi, maadamu wamekubali kutajana.

BINTI: Alikuwa akinisaidia hesabu. Alikuwa akihesabu kila kitu: madirisha, vifodi vilivyotupita, mara ngapi mwalimu wa uraia amesema "kwa hiyo".

DEREVA: Umekwisha kupata utabiri wake.

BINTI: Atakuwa mkuu wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Na siku ya sensa atamhesabu mwalimu wa uraia mara mbili, kwa sababu ya zile "kwa hiyo".

Mama alicheka, Mwalimu naye akacheka, na mimi pia, na nilipenda sana kumwona binti yule akiuchukua wino palepale akaliandika jina la mwenziwe katika ukurasa wa mbele.

Mahafali ya mwaka huu yamekaribia. Nawaomba wakuu wa shule za Arusha na Meru wasiipige marufuku desturi hii, wala wasiiachie iende bila mwangalizi. Nawaomba mambo matatu tu, nayo hayana gharama. Kila utabiri asomewe kwanza mwenyewe, faraghani, naye awe na haki ya kuukataa na kuandikiwa mwingine. Asitabiriwe mtu kwa alama zake, kwa kabila lake, kwa umasikini wake, wala kwa kilema chake. Na wale waandikao wasitumie orodha ya wahitimu: waende ofisini, waombe daftari la mahudhurio la kidato cha kwanza, waanzie jina la kwanza waende mpaka la mwisho, na aliyeondoka njiani aandikiwe pamoja na wenziwe, kisha nakala yake apelekewe nyumbani kwao.